Sahihi ya Pili

Kila Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nafuta darubini. Ziko kumi na moja, zimetundikwa kwenye misumari ukutani nyuma ya meza yangu. Nazifuta kwa kipande cha fulana kuukuu kilichofuliwa kwa maji matupu, maana sabuni huacha utando kwenye kioo. Naanza na vioo vikubwa, namalizia na vidogo, kisha nanyoosha mkanda na kuirudisha darubini kwenye msumari wake. Naipenda kazi hii kwa sababu haihitaji kuzungumza na mtu.

Siku hiyo nilikuwa nimefikia ya saba mlango uliposukumwa bila hodi, akaingia mama yangu mdogo. Alikuwa amevaa buti zake za mpira, kitambaa kichwani, na ndoo mkononi. Ndoo ilikuwa tupu.

Nimefanya kazi hapa hifadhini miaka miwili na hajawahi kuingia ofisini. Akinitaka hupiga mluzi kutoka langoni, kama anaita kuku.

"Kalamu unayo?" akauliza.

"Ninayo, Mama. Shikamoo." Tulikuwa tumeachana nyumbani saa moja tu iliyopita, lakini nilipobabaika salamu ndiyo iliyonijia.

"Marahaba. Niandike."

"Nikuandike wapi?"

"Kwenye hayo matembezi yenu ya kuangalia ndege. Bango pale langoni limesema karibuni watu wote. Nimejitazama vizuri kabla ya kuingia, nami ni mtu."

"Mama, wewe unaona ndege kila siku."

"Naona ndege wa kawaida, wale tunaosalimiana. Huyu mheshimiwa wenu sijatambulishwa. Wiki tatu sasa kanitoa kazini, na sijui hata sura yake. Mtu akikukalia kiti chako, angalau utataka kumjua." Alicheka. Mimi nikainama kutafuta kalamu ambayo nilikuwa nimeishika.

Nikamwandika. Jina lake lilikuwa la sita kwenye karatasi, na herufi zilitoka zimepinda kama za mtoto.

Hifadhi yetu ni tope, matete na maji ya chumvi, kati ya barabara kuu na bahari. Majira ya kuchipua ndege wa safari ndefu hupita hapa kwa maelfu, na wachache hubaki kutaga. Mama Mdogo na wenzake watano wameokota kome kwenye ukanda wa mashariki tangu kabla mtu yeyote hajafikiria kupaita mahali hapa hifadhi, na wakubwa walipoweka uzio waliwaachia haki yao. Wiki tatu zilizopita ukanda huo ulizungushiwa kamba yenye vitambaa vyekundu na kibao: USIPITE, NDEGE ANATAGA. Mkuu wa hifadhi alifanya hivyo kwa sababu kwenye daftari la ndege adimu kulikuwa na taarifa mpya. Kitwitwi taji-jekundu, ndege mdogo wa topeni mwenye utosi wa rangi ya kutu, ambaye hakuwa ameonekana hapa kwa miaka arobaini, alikuwa amekalia kiota mashariki.

Kanuni ya daftari hilo ni moja, na ni ya zamani. Ndege adimu haandikwi kwa jicho la mtu mmoja. Lazima wawe wawili, kila mmoja awe amemwona kwa macho yake, na wote watie sahihi. Sahihi ya kwanza ni ya Mwalimu. Ya pili ni yangu.

Mimi sikumwona ndege yeyote.

Mwalimu alinifundisha bayolojia sekondari, na ndiye aliyenisukuma kwenda chuo, na nilipomaliza ndiye aliyekwenda kwa Mkuu kusema, "Kuna binti mmoja, hasemi, lakini anatazama." Alipostaafu aliyachukua matembezi ya Jumamosi kama mtu mwingine anavyochukua bustani. Wakati wa ujana wake, kabla hata sijazaliwa, aliwahi kumwona kitwitwi taji-jekundu mara moja, asubuhi moja, akiwa peke yake. Hakuandikwa. Miaka arobaini amekuwa akimsubiri arudi.

Lakini macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Hakuna aliyesema. Niliona tu kwamba ananiachia mimi kusoma vitabu kwa kisingizio kwamba sauti yangu inahitaji mazoezi. Niliona anamimina chai kwa kusikiliza. Siku moja aliingia ofisini, akalisalimia koti la mvua la Mkuu lililotundikwa nyuma ya mlango, "Habari za asubuhi, Mkuu," akasimama akingoja kujibiwa. Nilikohoa ili ajue nipo, nikamuuliza kuhusu hali ya hewa.

Siku chache baadaye tulikuwa wawili kibandani, kile chumba cha mbao chenye dirisha jembamba ambamo watu hukaa kuangalia ndege bila kuwashtua. Mwalimu alikuwa ameinamia darubini kubwa ya miguu mitatu kwa muda mrefu. Ghafla mgongo wake ulibadilika. Ulikuwa mgongo wa mzee, ukawa wa mwanafunzi aliyejua jibu.

"Njoo," alinong'ona. "Taratibu. Taji jekundu. Kakaa."

Niliweka jicho. Niliona tope, majani ya chumvi, na mbali sana doa jekundu lililotetemeka kwa joto la tope. Nilingoja doa hilo ligeuke kuwa ndege. Halikugeuka.

"Unamwona?"

Niliinua uso. Alikuwa amenikaribia kuliko kawaida, na katikati ya macho yake kulikuwa na ule ukungu wa kijivu, na juu ya ukungu kulikuwa na machozi. Alikuwa akitabasamu kwa mdomo wote.

"Nimemwona, Mwalimu."

Alinishika mabega yote mawili. Hajawahi kunigusa hata siku moja. Jioni hiyohiyo tuliweka sahihi, yake kubwa yenye mikia, yangu ndogo chini yake, na asubuhi kamba ilikuwa imefungwa.

Sikuwa nimefikiria kamba. Nalisema hili si kwa kujitetea. Nilimfikiria Mwalimu tu, na wanawake sita walioshika ndoo hawakunijia akilini hata kidogo, na mmoja wao ndiye aliyenilea tangu nina miaka minane.

Tangu hapo wameokota magharibi. Tope la magharibi ni baya. Limeoza chini na linavuta. Jumanne iliyopita mmoja wao, tunayemwita Mama Pacha, alizama hadi kiunoni huku maji yakianza kujaa, na wenzake wakamtoa kwa kumtupia ubao wa mlango wa zizi. Buti moja ilibaki huko. Mama Mdogo alinisimulia usiku huo wakati wa kula, akiigiza jinsi Mama Pacha alivyokuwa akitoa wosia: sufuria kubwa apewe nani, mume apewe nani. Alicheka hadi akashika ubavu. Baadaye nilifua nguo zake za tope, nikazifua mara mbili, kana kwamba ingesaidia.

"Wenzangu wako langoni," alisema sasa, akiichagua darubini kwa kuitikisa sikioni kama tikiti maji. "Wamenituma. Baada ya mambo ya Jumanne, wawili wanataka tukaikate ile kamba leo hii. Nikawaambia ngojeni, sisi si watu wa kukanyaga mayai ya mtu. Nitakwenda nimwone. Nikimwona, tunanyamaza hadi vifaranga vitoke. Nisipomwona, nakuja na wembe."

"Na kama..." nilianza.

"Kama nini?"

"Kama mwanga si mzuri."

"Mwanga mbona mzuri," alisema, akatazama dirishani.

Walikuja wengine. Kulikuwa na maharusi wa wiki mbili walioomba darubini moja tu na kuipokezana kama pipi. Kulikuwa na mfamasia wa mjini na dada yake, wanawake wapole wenye kofia zinazofanana. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kamera ndefu kama mkono wa mtu, anayekuja karibu kila wiki, na ambaye moyoni nimempa jina la Bwana Kamera. Na mwisho akaja Mwalimu, shati limepigwa pasi, viatu vimefungwa kamba bila kukosea tundu hata moja. Hilo alilifanya kwa vidole.

Alisimama mlangoni, akasikia kicheko. "Hiyo sauti naijua. Mama wa binti! Leo umekuja upande wetu."

"Nimekuja kumlalamikia ndege wako, Mwalimu."

"Mlalamikie kwa sauti ya chini, analalia."

"Nitamnong'oneza. Lakini atanijibu."

Walicheka wote wawili. Wanaheshimiana. Mwalimu alimpa Mama Mdogo nafasi ya mbele, akaniambia nikae nyuma ili asipotee mtu, tukatoka.

Njia ni ya mbao, imeinuliwa juu ya tope, na inalia chini ya miguu. Maji yalikuwa yanaendelea kupwa. Mwalimu aliongoza kama anavyoongoza siku zote, kidole juu, masikio yamesimama, na ukimtazama kwa mbali usingejua. Alisema, "Chekeamwezi, kushoto," na kweli alikuwepo chekeamwezi kushoto, akitingisha mkia. Alisema, "Sululu," na sululu akalia tena. Alikuwa anawasikia. Dada wa mfamasia aliandika kila jina kwenye daftari dogo na kuuliza tahajia.

Mama Mdogo alikuwa na majina yake. "Huyu mweupe ni mpangaji," alisema juu ya yangeyange. "Anakufuata nyuma siku nzima, wewe unafukua, yeye anakula, na hasemi asante. Na wale wadogo wanaokimbia pamoja wakisimama ghafla, ujue chini yao maji yanarudi. Nikiwaona wanasogea, na mimi nasogea."

"Wanajuaje?" akauliza bibi harusi.

"Miguu yao mifupi, mwanangu. Mwenye miguu mifupi hujua mapema."

Bwana Kamera aligeuka. "Mama, samahani, tafadhali, utawafukuza."

"Mimi? Baba, hawa wananijua tangu wako mayai. Mgeni ni wewe na hilo bomba lako."

Maharusi walicheka hadi darubini ikagonga reli ya kushikilia. Hata Bwana Kamera alitabasamu. Ilikuwa asubuhi nzuri, na kila mtu alikuwa na furaha, na kila ubao nilioukanyaga nilitamani uvunjike chini yangu.

Kibandani tuliingia mmoja mmoja tukiinama. Mwalimu aliikuta darubini kubwa kwa kupapasa, akaigeuza kidogo kidogo kuelekea mashariki, akainama. Nje matete yalikuwa yakisuguana.

"Yupo," alisema.

Walipanga mstari. Bwana harusi aliangalia, akasema, "Aaa, ndiyo, ndiyo." Bibi harusi aliangalia, akamtazama mumewe, akasema, "Mzuri jamani." Mfamasia alisema nadhani nimemwona kichwa. Dada yake alisema ameona kichwa na kidogo mgongo. Bwana Kamera hakutaka darubini, alipiga picha kama sitini kupitia dirisha, akazitazama kwenye kioo cha kamera, akazikuza, akakunja uso, akasema, "Ni mbali, lakini rangi ni yenyewe." Nilijua vizuri kinachotokea kwa sababu kilinitokea mimi. Hakuna anayetaka kuwa ndiye asiyeona.

Kisha Mama Mdogo akaweka jicho.

Alikaa hapo muda mrefu. Alifumba jicho moja, akabadilisha, akaweka la pili.

"Naona kitu chekundu," alisema. "Hakitikisiki."

"Anayelalia hatikisiki," alisema Mwalimu kwa upole. "Anaweza kukaa saa nzima asipepese."

"Hata upepo haumpeperushi unyoya?"

"Amejikunja chini. Ana akili sana, mama."

"Ahaa," alisema Mama Mdogo. Akaachia nafasi, akamshukuru, akanishika mkono juu ya kiwiko na kunitoa nje kwenye mbao.

Tulisimama tumeegemea reli. Alizungumza kwa sauti ya chini, ile anayoitumia kanisani au hospitali.

"Sikiliza. Sitaki kumvunjia Mwalimu heshima mbele ya wageni wake. Lile ni boya. Kipande cha boya la wavu, limepasuka. Lipo pale tangu mwaka juzi, nimeshalikanyaga mara ngapi sijui. Juu jekundu, chini limejaa magamba ya kome." Alirekebisha kitambaa kichwani. "Lakini mimi macho yangu hayakusoma. Labda ndege yuko nyuma yake, labda ninyi mnajua pa kutazama. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Wewe ulimwona?"

"Mwalimu alimwona, Mama."

"Sikukuuliza Mwalimu."

Nafasi ilikuwa hapo. Yaani mlango ulikuwa wazi kabisa, na aliyeufungua ni mtu anayenipenda kuliko wote duniani, na hakukuwa na mtu wa kusikia isipokuwa matete. Nilihitaji neno moja. Nyuma yangu, ndani ya kibanda, Mwalimu alikuwa anawasimulia wageni kuhusu asubuhi ile ya miaka arobaini iliyopita, na sauti yake ilikuwa changa.

"Nilimwona," nilisema.

Alinitazama. Sikuweza kumtazama. Nilitazama buti zake.

"Basi," alisema, na akaachia mkono wangu, akaupapasa mahali alipokuwa ameushika. "Basi yupo. Kumbe mjinga ni mimi. Haki ya Mungu ningekula kiapo ni boya! Uzee huu." Akacheka kidogo, si kicheko chake chote. "Sawa. Ngoja niwawahi wenzangu kabla hawajaanza kunoa wembe. Niagie Mwalimu."

Akaenda. Mbao zililia chini yake hadi kwenye kona, halafu sikusikia tena.

Nimewahi kuona aibu mara nyingi maishani, kwa kuwa mimi ni mtu wa aibu. Naona aibu nikiitwa mbele, nikikosea jina la mtu, nikipiga chafya kwenye mkutano. Nilidhani naijua. Aibu hizo zote ni za uso. Hii ilishuka tumboni ikakaa, nzito na baridi, kama nimemeza tope la magharibi. Alikuwa ameona sawasawa. Kwa macho yake mawili, yasiyosoma, alikuwa amekiona kile ambacho mimi mwenye cheti nilikiona na nikakikana, na akayatupa macho yake akachukua yangu.

Wageni walitoka na kuanza kurudi, wakilinganisha picha. Mwalimu alikuja mwisho, mkono mmoja ukitambaa juu ya reli. Nilimpa kiwiko changu. Alikichukua kama ni kawaida.

"Mama yako kaondoka?"

"Amekwenda kuwaambia wenzake."

"Kasemaje?"

"Amesema... amekubali."

"Mwanamke mwenye akili," alisema. Tulitembea. Baada ya hatua chache akasema, "Leo kila mtu kamwona, umesikia? Kila mtu!" Akaguna. "Nimefundisha watoto miaka thelathini na mbili. Najua sauti ya mtu anayeitikia ili kumfurahisha mwalimu. Wale maharusi hawajaona hata tope."

Nilisimama bila kutaka. Naye akasimama.

"Usishtuke. Sikasiriki. Watu ni wema. Ndiyo maana nakushukuru wewe, na sijawahi kukuambia." Aliugeuza uso wake kuelekea bahari, si kwangu. "Siku ile, nilipokuita, sikuwa na hakika. Nilisema moyoni, mzee, unaota mchana. Nilikuwa tayari nicheke mwenyewe, nifunge darubini, turudi tukanywe chai. Kama ungesema sioni kitu, yangeishia hapo, na wala nisingeumia sana. Lakini nilijua wewe husemi uongo. Wewe afadhali unyamaze. Uliposema umemwona ndipo na mimi nikamwona. Kabisa. Mpaka macho yake."

Kwa wiki tatu nilikuwa nimejiambia kwamba kosa langu lilikuwa la huruma, kwamba nilimwachia mzee kitu alichokuwa nacho tayari. Kumbe hakuwa nacho. Nilikitengeneza mimi, nikamvisha, nikamtoa nacho mbele za watu.

"Mwalimu," nilisema, "maji yanajaa saa ngapi?"

"Yameshaanza. Wasikilize." Na kweli, wale wadogo wanaokimbia pamoja walikuwa wanasogea.

Niliutoa mkono wake taratibu kwenye kiwiko changu, nikauweka juu ya reli. "Shika hapa. Njoo polepole, naomba uje langoni," nilisema, na nikakimbia. Sijawahi kukimbia kwenye njia ile. Kuna kibao kinachokataza, nilikipaka rangi mimi mwenyewe. Nilimpita Bwana Kamera aliyesema "He!" na nikawapita dada wa kofia wakijibanza kwenye reli.

Walikuwa langoni, wote sita, ndoo zimewekwa chini kwa duara. Mama Mdogo alikuwa katikati akizungumza, na nilipofika karibu nikasikia.

"...boya nalijua, nimewaambia nilichokiona. Lakini mwanangu kamwona ndege. Kamwona kwa macho yake. Sasa mnataka niseme nini?"

"Wembe urudi mfukoni," alisema mmoja.

"Urudi. Vifaranga vikitoka tutajuana nao."

Mama Pacha aliinama kuchukua ndoo yake. Mguu wa kulia alikuwa amevaa buti nyeusi, wa kushoto buti ya kijani ya mwanamume, kubwa, imejazwa matambara ili isichomoke. "Basi twendeni magharibi sasa hivi, maji yanakuja. Na leo nikizama, yule mume mmpe mwingine, nimebadilisha mawazo."

Walicheka. Wakashika ndoo. Mama Mdogo aliniona, akanipungia mkono kama kuniambia rudi kazini, kila kitu kiko sawa, na akageuka kushika njia ya magharibi pamoja nao.

"Mama," nilisema.

Hakusikia. Sauti yangu ni hiyo, watu wengi hawaisikii. Mama Pacha alikuwa tayari ameshuka kwenye tope, buti ya kijani ikifyonzwa na kutoka, ikifyonzwa na kutoka.

"Mama! Msiende!"

Waligeuka wote. Sijui walidhani nini, labda nyoka. Wageni walikuwa wamefika nyuma yangu, nikasikia pumzi zao, na nyuma ya pumzi zao nikasikia kiganja kikitambaa juu ya reli, kikija, kikasimama.

"Kuna nini we mtoto?" alisema Mama Mdogo.

Uso wangu ulikuwa unawaka. Masikio, shingo, hadi mikono. Nilitamani mtu mwingine azungumze, kama ninavyotamani siku zote, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba hakuna mtu mwingine. Sahihi zilikuwa mbili tu.

"Hakuna ndege," nilisema. "Ni boya, Mama. Uliona sawa. Mimi sikumwona ndege leo, wala siku ile. Nilitia sahihi nikijua sijamwona."

Ndoo ya mtu iligonga jiwe. Niliona uso wa Mama Mdogo ukinitazama kama uso wa mtu anayesoma barua asiyoitegemea, na sikuinamisha macho, ingawa ilinigharimu. Ofisini daftari lilikuwa kwenye rafu, na nilijua kwamba kabla ya saa nne nitakuwa nimelipeleka kwa Mkuu na kuifuta sahihi yangu, na kamba itafunguliwa, na labda mimi pia nitafunguliwa niondoke kazini. Hilo halikunitisha. Lililonitisha lilikuwa nyuma yangu.

Niligeuka. Alikuwa amesimama peke yake mwisho wa mbao, shati lake limepigwa pasi, akiutafuta uso wangu mahali ambapo haukuwepo. Nilimsogelea hadi nikawa pale alipokuwa akitazama.

"Mwalimu," nilisema, na nilisema kwa sauti, wote wakasikia, "macho yako hayaoni tena. Nimejua kwa muda mrefu. Nilikupenda mno, nikaona aibu kukuambia."